Unga wa Mama Maxine

Mugutha, Ruiru
4 Februari 2025

Kwako wifi Maggie,

Pokea salamu zangu na za Maxine kwa tata, shangazi yake. Natumai uko salama huko Thika. Sisi tuko sawa, ila meno yanamsumbua mtoto, anatafuna kila kitu, jana alitafuna mfuko wa unga wa watu hadi nikapoteza mteja. Barua hii utaletewa na ndugu yako Kahiga akija na lori kupakia maziwa. Uliniambia maneno ya hesabu yanataka karatasi, si meseji, na hii simu yangu ya kabambe inakata maneno katikati, basi nimekaa chini niandike.

Wifi, Mungu amenikumbuka. Madam Viola wa ile nasari ya karibu na reli amesema watoto wanamaliza uji wangu halafu wanaramba vikombe. Anataka anunue unga kwangu kila mwezi, wa shule nzima. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, watu wakanipisha. Lakini akaniuliza, "Mama Maxine, utanipa ankara ya KRA? Bila hiyo siwezi kuandika hii pesa kama gharama ya shule." Nikasema, "Ndiyo, Madam." Sijui nilisema ndiyo ya nini. Ankara ni nini? Na gharama ya shule inawahusu nini KRA, watu wa kodi?

Mimi niliachia darasa la nane. Hesabu niliyotoka nayo ni ya kujumlisha na kutoa, na hiyo ya kutoa naikosea. Wewe unakaa kwa ofisi ya hesabu siku nzima. Nieleze polepole, kama mtu anayelisha mtoto na kijiko.

Unajua hii posho mill, hii mashine ya kusaga, nilivyoipata. Ni pesa ya kiwanda cha mashati na ya chama, miaka yote ile nikirudi jioni mgongo umekufa. Ikisimama, mimi na Maxine ni kurudi kwa mama huko Chwele, na kule nani atanunua unga wangu wakati kila mtu ana wimbi yake shambani? Nisaidie nisije nikaharibu.

Mke wa ndugu yako,
Jentrix Nekoye

*

Thika
9 Februari 2025

Mama Maxine,

Ngai! Umenivunja mbavu. Hiyo ya "nilisema ndiyo, sijui ya nini" nilimsomea Lynn hapa ofisini mpaka chai ikamtoka puani. Sasa ukija huku kila mtu atakujua. Lakini usione haya, hakuna aliyezaliwa na kikokotoo mkononi.

Haya, fungua mdomo nikulishe.

Ankara ni karatasi unayompa mnunuzi kumwambia: nimekuuzia hiki, nakudai hiki. Risiti ni ya baada ya kulipwa. Siku hizi ankara inapitia mtambo wa KRA, nao wanaiona. Shule ikija kusema "tulinunua unga" na hakuna ankara, KRA inauliza "unga gani?" na shule inalipa kodi kana kwamba hiyo pesa bado iko mfukoni. Ndiyo maana Madam wako anaitaka.

Mtaji ni kile ulichoweka ukianza. Mauzo ni yote yanayoingia. Gharama ni wimbi, soya, stima, kodi ya chumba, mifuko. Toa gharama kwa mauzo, kinachobaki ndiyo faida. Hapa ndipo nyinyi watu wa soko mnapotea. Mtu anashika elfu kumi anaimba "nimepata elfu kumi." Hujapata kitu! Mauzo si faida, kama vile sufuria ya maji si uji.

Kodi nayo. Ukiuza chini ya milioni moja kwa mwaka, kila mwisho wa Juni unapeleka ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, na unaonyesha faida yako. Ukipita milioni, kuna kodi ya mauzo, asilimia tatu ya yote yaliyoingia, faida uwe nayo usiwe nayo. Hiyo haina huruma.

Sasa nijibu mambo mawili, na useme ukweli kama kwa daktari. Risiti ya mashine iko kwa jina la nani? Na ritani umekuwa ukipeleka vipi?

Wifi yako,
Maggie Ngendo

*

Mugutha
16 Februari 2025

Wifi Maggie,

Nilisoma barua yako mara nyingi hadi Kahiga akauliza kama ni ya mwanaume. Nikamwambia ni ya mtu anayenipenda kuliko wewe.

Nimeelewa! Nimechukua mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia. Mmoja mauzo, mmoja gharama, mmoja faida. Jioni natoa huku natia huku. Ule wa faida ni mwepesi sana, Maxine ameuvaa kama kofia. Lakini si mtupu, wifi. Si mtupu! Sikuwahi kujua kama ninapata au ninajichosha tu. Sasa najua ninapata. Kidogo, lakini ni changu.

Kuhusu risiti, iko kwa jina la Kahiga. Siku ya kununua nilikuwa nimelala na malaria, siwezi kupanda lori. Nikampa pesa imefungwa kwa leso. Muuzaji akauliza, "Naandika nani?" akaandika yule aliyesimama mbele yake. Hata kwetu Chwele ng'ombe wa mama huandikwa baba. Si ni nyumba moja?

Ritani, hapo usinicheke tena mbele ya Lynn. Kila Juni tunapanga laini kwa saiba ya Calvince, lile duka la intaneti. Anaweka PIN yako, anabonyeza nil, unampa hamsini, unaenda. Fundi viatu, nil. Mama mboga, nil. Kinyozi, nil. Hata landlord wetu mwenye vyumba ishirini alikuwa kwa hiyo laini, amevaa kofia ndiyo tusimjue. Mwaka wa kwanza nilimuuliza Calvince, nil ni nini? Akasema, "Ni kuwaambia uko hai lakini huna kitu." Nikasema basi hiyo ni mimi kabisa. Imekuwa mara tatu sasa. Nimekosea?

Jentrix

*

Thika
24 Februari 2025

Mama Maxine mpendwa,

Asante kwa kusema ukweli. Sasa sikiliza kwa masikio yote.

Nil ni ya mtu asiye na mapato hata shilingi. Wewe miaka mitatu umekuwa ukisaga na kuuza. Kwa hivyo, ndiyo, umeidanganya serikali, pole. Lakini usiende kurekebisha. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wacha nifikirie kwa niaba yako.

Nimefikiria hivi. Katika hesabu, biashara ni mtu. Si wewe. Ana jina lake, PIN yake, mfuko wake, madeni yake. Tusajili kampuni, mtu mpya, safi, asiye na nil nyuma yake. Huyo ndiye atampa Madam Viola ankara. Wenye hisa, yaani wenye kampuni, wawe Kahiga, kwa sababu mashine kwa karatasi ni yake, na mimi, kwa sababu vitabu navijua. Wewe tukikuweka sasa hivi tunaingia na tope miguuni. Tutakuingiza baadaye vumbi likitulia.

Mashine tutaiandika kama mali ya kampuni. Kila mwaka tunaipunguzia thamani kidogo kwa vitabu, kwa sababu inazeeka kwa kazi. Huo unaitwa uchakavu, na unapunguza kodi. Unaona vile kusoma ni kuzuri?

Kahiga atakuletea karatasi ya kusema hupingi. Weka sahihi palipo na alama ya penseli. Usisumbuke kusoma yote, ni Kiingereza cha mawakili, hata mimi kinanipa usingizi.

Mbusu Maxine.
Maggie

*

Mugutha
20 Machi 2025

Wifi yangu Maggie,

Nilisaini siku ileile, kwa sababu ni wewe.

Ankara ya kwanza imetoka! Madam Viola ameishika akasema, "Hongera, sasa wewe ni mfanyabiashara kamili." Nilitaka kuibusu hiyo karatasi mbele yake. Gathogo Millers. Jina la baba mkwe limependeza, ingawa nilitafuta la Maxine kwa hiyo karatasi sikuliona. Labda litakuja na langu, vumbi likitulia.

Wateja wote sasa wanalipa kwa ile Till mpya ya kampuni, namba ya kulipia kwa simu, na simu inalia huko kwako, huku mimi naona tu wakinionyesha skrini. Mikebe yangu imebaki tupu, Maxine anacheza nayo. Pesa ya stima karibu iishe, naomba utume. Na ya wimbi.

Nina swali dogo, usicheke. Kila asubuhi nachota kikombe kimoja cha unga nimpikie Maxine uji. Zamani sikujiuliza. Lakini sasa biashara ni mtu, na mimi nachota kwa gunia la mtu. Ninaiba? Ulisema kila kitu kina jina lake. Hicho kikombe kinaitwaje?

Kahiga analala huko Thika siku hizi, anasema lori linapakia alfajiri. Muulize kama anakula vizuri.

Jentrix wako

*

Thika
29 Machi 2025

Mama Maxine,

Swali zuri, na nimefurahi kuona unaanza kufikiria kama mtu wa vitabu.

Mwenye biashara akichota kitu cha biashara kwa mahitaji yake, hiyo inaitwa matumizi ya mwenyewe, inapunguzwa kwa mtaji wake. Sasa, mwenyewe ni nani? Ni mwenye hisa. Wewe huna hisa, kwa hivyo hicho kikombe hakiwezi kuwa matumizi ya mwenyewe. Wewe unaitwa mdaiwa. Nimekufungulia ukurasa. Nimeandika kikombe kila asubuhi tangu kampuni ianze, kwa bei ya rejareja. Usikasirike, huu ni utaratibu tu, hata mama yangu ningemwandika.

Na kabla hujaniuliza habari ya mshahara: hatukukuandika mfanyakazi. Mfanyakazi ana makato, ana NSSF ya uzeeni, ana bima ya afya, kampuni changa haiwezi. Nawe ni mtu wa nyumba. Mtu wa nyumba hadai mshahara kwao.

Stima nimetuma. Wimbi tafuta ya bei ya chini, unanunua kama unapikia harusi.

Kahiga anakula vizuri.

M. Ngendo

*

Mugutha
10 Juni 2025

Maggie,

Jumapili nikiwa kanisani na Maxine mgongoni, Kahiga alikuja na wanaume wawili, wakang'oa posho mill. Nilirudi nikakuta mashimo manne ya boliti kwa simiti na unga umemwagika hadi nje, kuku wa jirani wanakula. Jirani akaniambia, "Mzee wako amesema mnahamia Thika." Nikasema ndiyo, tunahamia. Sikutaka aone uso wangu.

Nilipiga simu, Kahiga hashiki. Nilipiga yako, hushiki.

Nilienda kwa naibu wa chifu. Ni mtu mzuri, alimpa Maxine biskuti. Akauliza, "Risiti iko wapi, mama?" Nikamwambia ni jina la mume. "Kampuni?" Nikamwambia ni ya mume na wifi. "Mmeoana wapi?" Nikamwambia tunaishi tu, mahari walisema wataleta Disemba, tena Disemba. Akakuna kichwa, akasema niende kortini, nionyeshe kwamba biashara ilikuwa yangu tangu zamani.

Basi nakuandikia wewe kabla ya korti. Mashine ni pesa yangu, unajua. Wewe mwenyewe ulishika ile leso siku Kahiga alipofika nayo Thika. Madam Viola atakuja Jumatatu kuchukua unga, nimwambie nini?

Kwa kikombe cha mtoto mimi ni mtu wa nje, kwa mshahara mimi ni mtu wa nyumba. Hilo nimeshindwa kulielewa, na nimelifikiria sana. Nieleze kama ulivyonieleza mtaji.

Jentrix

*

Thika
17 Juni 2025

Jentrix,

Umeomba ufafanuzi. Huu hapa.

Mashine si yako. Risiti ni ya Kahiga, na Kahiga ameipa kampuni. Pesa ya leso haina karatasi. Kitu kisicho na karatasi ni hadithi, na hadithi haziingii kwa vitabu.

Kazi yako ya miaka mitatu haikulipwa, kwa hivyo si gharama. Haikuwekwa kama mtaji, kwa hivyo si hisa. Nimetafuta mahali pa kuiandika, kwa haki kabisa, nikakosa.

Kuhusu korti, nenda, mlango uko wazi. Hakimu atakuuliza, "Hii biashara ilikuwa yako?" Utasema ndiyo. Atakuuliza, "Ilikuwa ikileta pesa?" Utasema ndiyo. Halafu wakili wetu atasimama na ritani zako tatu, zenye PIN yako, zinazosema huna kitu. Hapo uchague. Kama huna kitu, huna kesi. Kama ulikuwa nacho, uliidanganya serikali, na watakudai kodi, faini na riba ya miaka yote. Hatujakuwekea mtego wowote. Kidole chako ndicho kilichompa Calvince hamsini.

Madam Viola usijali. Nimeshaongea naye, unga atautoa huku, na ankara ni ileile.

Deni lako la vikombe kampuni imeamua kulisamehe. Hiyo inaitwa deni lililofutwa. Kahiga ndiye aliyeniomba, usiseme hana moyo. Ukitaka kazi ya kufunga mifuko huku Thika njoo, tunalipa kwa siku. Lakini mtoto haruhusiwi karibu na mashine.

M. Ngendo
Mkurugenzi, Gathogo Millers

*

Mugutha
8 Septemba 2025

Dada Maggie,

Sikuja kwa hiyo kazi kwa sababu ya Maxine, sina wa kumwachia. Nafulia watu nguo kwa ploti za huku juu. Kodi ya nyumba imenilemea lakini landlord amenipa muda, labda anakumbuka ile laini.

Sikuandiki kwa ajili ya mashine. Wakili wa bure niliyempata Ruiru alisoma barua zako, akasoma na ritani zangu, akaniambia, "Mama, huyu dada anajua kazi yake." Hiyo nimeiacha kwa Mungu.

Ni unga. Mtoto wa jirani anasoma kwa Madam Viola. Wiki hii yeye na wenzake wameendesha tumbo, na wengine wanatapika. Mama yake aliniletea kikombe cha huo uji nionje, akasema, "Mama Maxine, mkono wako umeharibika?" Nilionja nikajua. Mnasaga soya mbichi.

Soya haisagwi mbichi, Maggie. Ina kitu kinachokataa tumbo la mtoto. Ichemshwe kwanza, maji yamwagwe, isuguliwe ganda litoke, ianikwe juani ikauke kabisa, ndipo ikaangwe kwa moto mdogo hadi iwe rangi ya chai ya maziwa na inukie kama njugu. Ikaangwe peke yake, usichanganye na wimbi kwa karai. Kwa gunia la wimbi tia soya robo gunia, isizidi. Omena, wale dagaa, usitie kwa unga wa watoto walio chini ya mwaka.

Hiyo ndiyo yote niliyokuwa nayo. Sijawahi kumwambia mtu, hata Kahiga alikuwa akiniuliza namcheka. Sitaki malipo. Wale watoto nawajua kwa majina, nimewachanganyia uji tangu wakiwa mgongoni. Ule mliosaga tayari umwageni, tafadhali, msiuuze. Mwambie fundi aanze upya.

Jentrix

*

Thika
15 Septemba 2025

Jentrix,

Barua yako imefika. Tumefanya kama ulivyosema, na malalamiko yamepungua. Uliosagwa tayari tumewauzia wafuga nguruwe, hatujapata hasara.

Ili vitabu viwe sawa nakujulisha kwamba maelezo yako yametolewa bila ankara, kwa hivyo kampuni haidaiwi chochote. Lynn amekuandalia karatasi ndogo ya kusema mchanganyiko huo ni wa kampuni tangu mwanzo. Kahiga ataiacha kwa kioski cha steji ya matatu, isaini uirudishe hapohapo. Hatapitia nyumbani, ana haraka.

Hukusema soya inachemshwa na maji kiasi gani, wala inakaa motoni muda gani. Fundi amechoma karai mbili. Jibu upesi, kuna hoteli ya upande wa Chania inataka kuonja sampuli.

M. Ngendo

*

Mugutha
19 Septemba 2025

Maggie,

Maji yafunike soya, yapite vidole viwili. Ichemke hadi ganda liteleze ukilifinya. Usiangalie saa, finya.

Karatasi nimesaini. Kalamu ya kioski ilikuwa inakatakata, nikarudia juu ili isomeke.

Mwambie Kahiga Maxine ametembea. Ilikuwa Jumanne, nikifunga mizigo. Aliachilia kitanda akaja peke yake hadi mlangoni, akageuka kuangalia kama kuna mtu ameona. Niliona mimi.

Nyumba nimerudisha funguo, kwa hivyo msitume barua nyingine hapa. Basi la Chwele linatoka kesho asubuhi.

Jentrix Nekoye